Nani Kaandikwa Zamu ya Usiku?

Mwanzoni mwa mwaka, makamanda wa polisi katika mikoa mbalimbali ya Tanzania huwakusanya askari wao, wenzi wao na watoto kwa ajili ya Siku ya Familia ya Polisi. Pilau hupikwa, watoto hukimbizana uwanjani, na juu ya meza iliyofunikwa kitambaa hupangwa vyeti. Mpelelezi aliyeifikisha kesi ngumu kwenye hukumu, koplo aliyekamata silaha, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyezuia binti wa shule asiozwe: kila mmoja huitwa kwa cheo na jina, hupiga saluti, hupokea cheti chake na bahasha. Si jambo dogo. Askari wa cheo cha chini husikia jina lake likitajwa kwa wema mara chache sana katika mwaka, na mengi anayoitwa barabarani hayachapishiki.

Siku hiyo hupewa vyeti pia watu wanaoitwa wadau. Mara nyingi mdau ni mtu aliyechangia saruji ya kituo, mafuta ya gari la doria au pikipiki. Yule mwingine, aliyekuwa na rungu, tochi na filimbi saa nane za usiku wakati gari lenyewe likiwa bado linatafuta njia ya kuingia mtaani, haonekani sana kwenye orodha. Mchango wake ni usingizi, na kuna usiku ambao huchangia na damu.

Watu hawa wawili, askari na mlinzi wa mtaa, hawatofautiani sana kwa ujasiri. Wanatofautiana kwa karatasi. Kuruta anayehitimu Shule ya Polisi Moshi hutoka na namba ya jeshi, herufi ikifuatwa na tarakimu, na namba hiyo humwandama mpaka anastaafu: kwenye mshahara, kwenye uhamisho, kwenye nishani ya utumishi mrefu, hata kizimbani anapotoa ushahidi. Hukumu za jinai za Mahakama Kuu zimejaa namba hizo, zikitangulia majina ya mashahidi. Mwenzake wa doria ana jina la utani. Siku akikatwa panga, ndugu zake wataulizwa swali jepesi ambalo wengi hawana la kujibu: ni nani anayethibitisha kwamba usiku ule alikuwa zamu?

Historia ndiyo iliyomfikisha hapo. Ulinzi wa wananchi, kwa sura inayofahamika Tanzania leo, ulianzia vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980, maeneo ya mpakani mwa Kahama na Nzega, pale Wasukuma na Wanyamwezi walipochoka kuswagiwa ng'ombe. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha bunduki mikononi mwa watu wasiostahili. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na hata kilipokuwa karibu, wanakijiji walilalamika kwamba mwizi hurudi nyumbani kabla ya mlalamikaji. Wakajipanga wenyewe. Kundi likawa na ntemi wake, makamanda wake na katibu wake. Vijana wakabeba pinde na mishale. Mwano ukipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa atoke, na kijiji cha jirani kiudake ukelele ule na kufunga njia, hata mwizi akajikuta anakimbia kutoka filimbi moja kwenda nyingine. Asiyetoka alitozwa faini. Mkaidi alitengwa: haombi moto, haazimi jembe, hasalimiwi kisimani.

Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyeanza kuishi na kuwachunguza Wanyamwezi katika miaka ya 1950, aliandika mwaka 1987 kuhusu makundi hayo, yaliyoitwa sungusungu. Ukisoma kazi yake unaona wazi mvutano wa pande tatu: wanakijiji walioamini dola imewaacha, polisi na mahakimu walioona kazi yao inaporwa, na chama tawala kilichovutiwa na umma unaojilinda wenyewe. Chama ndicho kilichoshinda. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwaingiza sungusungu humo, pamoja na mamlaka ya kukamata. Mwaka uliofuata Augustine Mrema akashika Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa ari yake iliyojulikana nchi nzima akausukuma utaratibu huo mijini. Kaya za Dar es Salaam zikapangiwa zamu za kukesha. Haikuchukua muda wenye uwezo wakachoka kusimama kwenye kona usiku, wakaanza kutoa pesa ili wengine wakeshe badala yao.

Ndipo akazaliwa mlinzi shirikishi wa leo. Kaya zinachanga, elfu mbili hapa, elfu tano pale, mjumbe anapita na daftari la michango, na vijana wachache wanalinda mtaa mzima. Tazama daftari hilo. Linaonyesha kwa ukamilifu nani katoa pesa na nani hajatoa. Ni nadra kulikuta likionyesha nani alikuwa lindo, saa ngapi, akiwa na nani. Nchi iliyojua kuandika wadaiwa haikujishughulisha kuandika walinzi.

Mwaka 2006 ulikuwa wa fedheha kwa jeshi lenyewe. Januari ya mwaka huo wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa baada ya kukamatwa na polisi Dar es Salaam, na tume ya kijaji ikaundwa kuchunguza. Mwaka huohuo Said Mwema akateuliwa kuwa Inspekta Jenerali, na chini yake Polisi Jamii ikawa sera rasmi: polisi atoke kituoni, amjue mtendaji, shehe, mchungaji, mwenyekiti wa bodaboda. Kutoka hapo likaja wazo la polisi kata, na katika miaka ya karibuni jeshi limekuwa likipeleka wakaguzi kwenye kata. Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,900. Mkaguzi aliyepangiwa Kariakoo anaweza kuizunguka kata yake kwa miguu kabla ya chai ya saa nne. Mwenzake wa Katavi au Liwale ana misitu, mito isiyo na madaraja katikati ya kijiji na kijiji, na pikipiki moja. Huyu wa pili hawezi kufanya kazi hata wiki moja bila watu wa kujitolea. Ndio macho yake. Kumsifu yeye na kuwasahau wao ni kuandika nusu ya taarifa.

Namna nchi inavyowaaga wafu wake inaonyesha pengo hili kuliko hotuba yoyote, na miaka mitatu, 2015 hadi 2017, ilitoa mifano ya kutosha.

Usiku wa Julai 12, 2015, kituo cha polisi Stakishari, Ukonga, kilivamiwa. Askari wanne na raia watatu waliuawa, bunduki zikachukuliwa. Agosti 23, 2016, askari wanne walipigwa risasi Mbande, Mbagala, walipokuwa wakibadilishana lindo kwenye tawi la benki. Kisha Alhamisi ya Aprili 13, 2017, jioni, gari la polisi lilishambuliwa kwa kuvizia eneo la Mkengeni, Kibiti, na askari wanane wakafa. Walikuwa wanatoka kazini. Majeneza yao yalifunikwa bendera, viongozi wa serikali wakaja, majina yakasomwa, na Watanzania waliokuwa na malalamiko yao dhidi ya polisi wakanyamaza kwa siku kadhaa, kama inavyostahili.

Lakini Kibiti, Rufiji na Mkuranga walikuwa wanakufa watu wengine pia, mmoja mmoja, kwa miezi. Wenyeviti wa vijiji. Wenyeviti wa vitongoji. Watendaji. Mtu alifuatwa nyumbani baada ya magharibi, akapigwa risasi mlangoni. Hadi katikati ya 2017 waliouawa katika ukanda huo, polisi na raia pamoja, walipita 30. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku, na Rufiji ikafanywa mkoa wa kipolisi. Sababu za wauaji zimejadiliwa sana, ila mantiki ya kuchagua viongozi wadogo haihitaji mtaalamu: mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayejua mgeni gani kaingia, kafikia kwa nani, na kwa nini ana simu tatu. Ndiye polisi anayemuuliza. Ukimwondoa huyo, kituo kizima kinabaki kipofu, hata kiwe na bunduki ngapi.

Mwenyekiti wa kitongoji hapokei mshahara. Anapata posho siku akipata, na lawama kila siku. Kwa maana halisi ya neno, alikuwa mtu wa kujitolea, na alikufa kwa sababu ya kulisaidia jeshi. Wanane wa Mkengeni walikuwa na namba, na kwa namba hizo nyuma yao kulikuwa na mirathi ya utumishi, jalada na ofisi ya kuulizia. Familia ya mwenyekiti ilibaki na rambirambi na wema wa jirani. Hapa hakuna anayepunguziwa heshima ili mwingine aongezewe. Askari wale walistahili bendera ile na zaidi. Kasoro ni kwamba mapambano yaliyokuwa na safu mbili yalitunza kumbukumbu ya safu moja.

Wapo watakaosema sheria tayari inamtambua mgambo na sungusungu, na kwa sehemu wana haki. Tatizo liko kwenye kuthibitisha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unaendeshwa kwa michango ya mwajiri. Mlinzi wa mtaa hana mwajiri wa kumchangia. Dai lolote jingine, liwe kwa halmashauri au kwa jeshi, huanza kwa kuonyesha kwamba aliyeumia alitumwa. Akipelekwa hospitali ataombwa PF3, fomu ambayo hutolewa na kituo kilekile alichokuwa akikisaidia, na fomu hiyo ni sawa na anayopewa mlevi aliyegombana baa. Haisemi huyu alikuwa doria. Miaka miwili baadaye, karatasi ikitolewa kwenye faili, hakuna wa kuwatofautisha wawili hao.

Safu hii haina nia ya kumpaka mtu yeyote mafuta, awe na kofia ya polisi au fulana ya reflekta. Mwaka 2022 maofisa saba wa polisi walifikishwa mahakamani Mtwara kwa tuhuma za kumuua mfanyabiashara wa madini. Mwaka 2023 tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi na kurudi na furushi la malalamiko, mengi yakiwa dhidi ya polisi: kubambikiwa kesi, kupigwa, kuwekwa mahabusu bila sababu. Kutoka Kibiti kwenyewe yamesikika malalamiko ya watu waliopotea wakati wa operesheni. Na baada ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu ambayo machafuko na vifo vyake viliundiwa tume ya uchunguzi, hotuba ya kuwasifu polisi bila kutaja waliokufa itasikika kama matusi masikioni mwa wengi.

Walinzi wa kujitolea nao si malaika. Sungusungu wa Usukuma walihusishwa tangu mwanzo na mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi. Mijini, kijana aliyekabidhiwa rungu na mtaa anaweza kuligeuza kitega uchumi: mpita njia wa saa sita usiku anadaiwa elfu kumi, au anakula kipigo kisha anaitwa kibaka. Mtuhumiwa aliyevunjwa mguu kabla ya kufikishwa kituoni huiweka kesi nzima rehani, kwa kuwa wakili wa utetezi ataanzia kwenye mguu huo, na mwizi wa kweli anaweza kurudi mtaani akichechemea kwa ushindi.

Basi hapa ndipo hoja ya karatasi inapopata makali yake. Orodha ya zamu inayothibitisha kwamba mlinzi aliyekatwa panga alikuwa kazini ndiyo hiyohiyo inayoonyesha nani alikuwa kazini usiku ambao mtuhumiwa alikutwa amekufa. Haiwezekani kudai ya kwanza na kuikwepa ya pili. Anayetaka kuheshimiwa kama mlinzi anakubali kuandikwa kama mlinzi, jina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Cheti cha Januari hakimdai mtu chochote, na labda ndiyo maana ni rahisi kukitoa.

Daftari hilo la zamu liwe la nani, hilo nalo lina historia yake. TANU ilipogawa nchi katika mashina ya nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, balozi wa shina alikuwa mtu wa chama na mtu wa usalama kwa wakati mmoja, na chama kilikuwa kimoja. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa wa CCM, wakati jirani zake wakitawanyika kwenye vyama vingine. Hata hivyo watu waliendelea kumpelekea habari za wezi, kwa mazoea, na wasiompenda wakaacha kupeleka. Wakenya waliliazima jina hilo baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, wakalifanya Nyumba Kumi kuwa mpango wa serikali wa ulinzi wa jamii. Huko swali lilikuja kwa sura nyingine: katika ghorofa za Nairobi ambako mtu hamjui wa mlango wa pili, nani atamwamini nani na habari zake? Kote kuwili somo linafanana. Mtu wa kujitolea akionekana ni wa kundi fulani, nusu ya mtaa hufunga mdomo.

Kuhusu fedha, kelele ni nyingi kuliko gharama. Jeshi la Polisi lina Mfuko wa Tuzo na Tozo, ambao fedha zake zimekuwa zikitajwa kwenye ujenzi na ukarabati wa vituo. Mfuko wenye neno tuzo kwenye jina lake ungeweza kumfikiria na anayelinda nje ya ukuta wa kituo. Upande wa matibabu, bima ya CHF iliyoboreshwa, kabla ya mageuzi ya bima ya afya kwa wote, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita katika mikoa mingi. Kikundi cha walinzi 20 kingekatiwa bima, wao na familia zao, kwa shilingi 600,000 kwa mwaka. Kuna hafla ambazo fulana zilizochapishwa, turubai na spika zimekula zaidi ya hapo kwa mchana mmoja. Mbunge au diwani anayetaka kuonekana anajali usalama angefanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza fulana.

Kwa askari wenyewe, heshima hii ya kuandikwa si ngeni. Ukizungumza na koplo yeyote juu ya anachokitaka, hataanza na nishani. Ataanza na nyumba, maana bado wapo wanaolea watoto kwenye vibanda vya mabati vilivyojengwa enzi za babu zao kazini. Ataendelea na posho iliyochelewa, na kupandishwa cheo kwa wakati, na mkubwa anayemtetea anapofanya kazi kwa haki na kumchukia mwenye fedha. Yote hayo ni mambo ya majalada. Anaelewa vizuri kuliko raia wengi maana ya kuwa na jina ofisini.

Kikwazo kilichobaki ni mahali pa kulihifadhi hilo daftari. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji hukaa madarakani miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024, na kila uchaguzi hubadilisha mikono inayoshika makabrasha. Mkaguzi wa kata naye huhamishwa. Mtendaji wa kata ni mwajiriwa wa halmashauri, ana muhuri na ana kabati la kufunga, kwa hiyo nakala moja ingekaa kwake. Nyingine ingekaa kituoni, mezani kwa askari wa zamu, ambaye angeingiza majina ya kikundi saa nne usiku kabla hakijatoka na kuyahakiki alfajiri kinaporudi. Haihitaji programu ya simu wala mfadhili. Upinzani utatoka kwa mjumbe ambaye michango anayokusanya haijawahi kuwa na stakabadhi, na kwa ofisa aliyezoea kuwatumia vijana wa mtaa kwa kazi ambazo asingependa zisomeke popote.